Majani Yaliyokatwa Mwezi wa Tano

Bibi Lathbury alimkuta Edna Pacey, mtu wake wa usafi, amepiga magoti kwenye sakafu ya jiko lake, brashi mkononi, povu la sabuni limemfika viwikoni, na hakuona sababu ya kungoja ainuke.

"Edna, kuhusu lile tuta lenu la maua pale mbele."

"Tuta la Cyril, bibi."

"La nani si hoja. Nimepita pale asubuhi na mbwa. Majani yamelala ovyo, mengine yameshaanza kuwa njano. Utafikiri ng'ombe wameyalalia."

"Ni ya dafodili, bibi. Maua yakiisha, majani yanaachwa mpaka yafe yenyewe. Hayo ndiyo yanayolisha tunguu, kile kiazi chake huko chini."

"Najua dafodili ni nini, Edna. Ninazo mia nne." Bibi Lathbury alicheka kidogo kwa pua. "Ila zangu ziko nyuma ya bwawa, hakuna anayeziona zikifa. Zenu ziko kituo cha basi. Waamuzi wakishuka kwenye gari, macho yao yanaangukia hapo kwanza kabla hawajaona kanisa."

Waamuzi hao ni wa mashindano ya Kijiji Nadhifu, ambao huja mwezi wa tano bila kusema siku. Bibi Lathbury alikuwa mwenyekiti wa kamati. Miaka mitatu mfululizo kijiji kilikuwa cha pili, na kila mara kilichowashinda kilikuwa kile kijiji cha ng'ambo ya mfereji, ambacho hakina hata duka.

"Nitayakunja niyafunge mafundo, bibi. Yatakaa wima."

"Mliyafunga mwaka juzi. Mwamuzi akaandika kwamba nyumba ya kwanza inaonekana imevaa vibanio vya nywele."

Edna alitabasamu akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha, na tabasamu likabaki halina pa kwenda.

"Jumanne namtuma Ridgwell aje na fyekeo. Kazi ya dakika tano. Halafu kamati itawapandia maua ya jerania, mekundu, bure kabisa."

"Cyril yuko hospitali, bibi. Ningependa nimuulize kwanza."

"Muulize basi, na umpe pole zangu." Alifika mlangoni akageuka. "Na hapo chini ya jiko, Edna, umeparuka."

Msomaji atauliza kwa nini Edna hakusema hapana, nyumba ikiwa yake na maua yakiwa ya mumewe. Aulize tu. Cyril hakuwa na kazi mwaka wa pili sasa, na siku tatu za usafi kwa Bibi Lathbury ndizo zilizoiendesha nyumba. Siku ya nne, kwa daktari wa kijiji, Edna aliipata kwa mdomo wa Bibi Lathbury huyohuyo. Mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda, na huyu alikuwa hajapenda.

*

Jumapili alipanda basi kwenda hospitali mjini. Cyril alikuwa ameketishwa kwa mito minne, uso umembakia mifupa, mpira wa hewa puani. Miaka thelathini na minane alifanya kazi kwenye mashamba ya maua. Majira ya kuchipua alitembea mistari akiinama, aking'oa, pamoja na tunguu lake, kila ua lisilofanana na wenzake, na majira ya joto alikaa ghalani akisugua matunguu makavu katika vumbi ambalo sasa lilikuwa limehamia kifuani kwake. Yale aliyoyang'oa yalipaswa kutupwa. Yeye aliyatia mfukoni akaja nayo nyumbani, na tuta la mbele, lisilozidi urefu wa mlango ulioangushwa, lilijaa maua yaliyokataliwa: meupe badala ya njano, yenye vichwa viwili badala ya kimoja, moja la rangi ya siagi ambalo hakuna aliyelijua jina.

"Majani vipi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Na wewe pia hujambo, mume wangu."

"Sijambo. Majani vipi?"

"Yapo. Yamelala lala."

"Yaache yalale. Wiki sita tangu ua la mwisho, Edna. Ua la mwisho lilinyauka tarehe ishirini na tano Aprili, kwa hiyo mpaka juma la kwanza la Juni usiruhusu hata paka ayakanyage." Alipumzika ili avute pumzi. "Ukilikata jani bichi umelinyang'anya tunguu sahani mezani. Mwakani linakutolea majani matupu."

"Bibi Lathbury ameulizia."

"Ameulizia nini?"

Edna alitazama chupa ya maji kando ya kitanda. "Ameulizia hali yako tu."

"Mwambie bado sijafa, asije akanifagia na mimi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akaja akamwambia Edna kwamba muda wa wageni umekwisha. Haukuwa umekwisha. Edna alichukua mkoba wake akaondoka bila kubisha.

*

Jumatatu jioni jirani yake, Mavis Bontoft, alikuja kuomba sukari akakaa saa nzima.

"Kwani wewe ni mtumwa wake? Mwambie akome!"

"Shoga, wewe mumeo ana kazi reli."

"Hata kama. Mzee Cyril akijua atakutoa roho."

"Ndiyo maana naumwa kichwa tangu jana."

"Basi mwache huyo Ridgwell akate. Mumeo akirudi unamwambia, alikuja mtu akakata, mimi sikuwepo. Kosa si lako."

Edna alilifikiria hilo usiku, na lilimchukiza kuliko kukata kwenyewe. Ridgwell na fyekeo lake angepita juu ya tuta la Cyril kama anayepita juu ya nyasi za kaburi la mtu asiyemjua. Kama ni lazima, alijiambia, basi ufanye mkono unaoyajua. Ni fikra ya kipumbavu, lakini watu wengi wamefanya mambo mabaya kwa upole na wakaona nafuu.

Jumanne asubuhi mapema alitoka na mkasi wa jikoni, gunia chini ya magoti. Majani yalikuwa bado na maji. Yalitoa sauti ya kukwaruza kila alipoyabana kwenye mkasi, na ute wake ulimnatia vidoleni. Alikata fungu baada ya fungu, karibu kabisa na udongo, huku akisema kimoyomoyo kwamba wiki mbili nazo ni chakula, labda matunguu yameshashiba kidogo, labda. Alipomaliza alifunika visiki kwa udongo, akausawazisha kwa reki. Ridgwell alifika saa tatu, akatazama, akasema, "Umeniondolea kazi, mama," akashusha trei mbili za jerania.

Waamuzi walikuja siku tisa baadaye, mvua ikinyesha, na hawakushuka kwenye gari. Kijiji kilikuwa cha nne. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kutu kwenye kibanda cha simu.

*

"Majani?" aliuliza Cyril Jumapili iliyofuata.

"Yapo," alisema Edna.

Jumapili nyingine akasema yanakauka. Nyingine akasema yamekauka, yametoka yenyewe, ameyatia kwenye shimo la mboji. Uongo wa kwanza ulimkwama kooni, wa pili ulipita, wa tatu aliupamba kwa maelezo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakujua habari za matunguu. Hayo hukaa na siri ya mtu gizani miezi kumi kamili, kisha huitoa hadharani, mbele ya nyumba.

Juma la tatu la Juni walimruhusu Cyril kurudi nyumbani. Daktari alimvuta Edna kando, kwenye korido penye harufu ya kabichi.

"Mapafu yale, Bibi Pacey, hayana cha kutengenezwa tena."

"Anajua?"

"Hajauliza. Wanaume wa mashambani hawaulizi."

"Ana muda gani?"

"Akitunzwa vizuri, kipindi cha baridi atakivuka. Majira ya kuchipua anaweza kuyaona." Daktari alitazama saa. "Haya ya mwakani tu. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Edna alimshukuru. Alikwenda chooni akafunga mlango, akakaa juu ya kifuniko, na ndipo hesabu ikamjia. Mwakani tu. Maua ya mwakani ndiyo aliyoyakata yeye. Alilia kwa kitambaa mdomoni, kwa kuwa mlango wa pili kulikuwa na mtu.

*

Kitanda kiliwekwa chumba cha mbele, kichwa ukutani, uso dirishani. Hapo Cyril aliona kituo cha basi, barabara, na chini ya dirisha tuta lake likiwa na safu mbili za jerania nyekundu.

"Hizi nani kaleta?"

"Kamati."

"Zinafanana na askari wa gwaride." Hakusema zaidi. Juma la kwanza aliweza bado kutembea kwa fimbo, akatoka nje mwenyewe, akainama juu ya tuta muda mrefu huku Edna akimtazama kutoka mlangoni akiwa ameshikilia fremu. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye kucha. Aliomba maji ya kunawa, kisha akaomba alazwe. Baada ya siku hiyo hakutoka tena.

Tangu hapo alikuwa mkimya. Edna alidhani ni ugonjwa. Alimlisha supu, alimbadilisha shuka, alimkuna mgongo, naye alisema asante kwa kila jambo kwa adabu ya mgeni, na hiyo adabu ilimuumiza Edna asijue kwa nini.

Ulipofika mwezi wa tisa, watu wa mashamba waliweka magunia kando ya barabara, matunguu ya kuuza kwa watu wa kawaida, kila nyumba ikipanda ukanda wake. Ni msimu ambao hata mvivu huonekana amepiga magoti. Mavis alikuja na gunia dogo akalificha nyuma ya mlango wa jikoni.

"Shoga, nimekuletea. Panda leo. Machi yatatoka, mzee ataona maua, hadithi imekwisha."

"Nitapandaje? Anakaa dirishani kutwa. Nikichimba ataniuliza nachimba nini mahali ambapo pameshajaa."

"Panda akilala."

"Halali. Anafumba macho tu."

"Basi mwambie ukweli! Atapiga kelele siku mbili, atanyamaza."

"Ataniangalia, Mavis. Kelele ningeziweza."

Mavis aliondoka na gunia lake. Wiki chache baadaye, jua likiwa la Oktoba, jembamba, Cyril alikuwa akitazama familia ya ng'ambo ya barabara wakipanda. Mwanamke alichimba, mwanamume alishusha tunguu, wakicheka.

"Wenzio wanapanda," alisema Cyril.

 Edna alikuwa akikunja shuka. Angeweza kuiweka chini. Angeweza kusema maneno matano tu, na gunia lilikuwa bado kwa Mavis, na udongo ulikuwa bado na joto.

"Sisi tunayo yetu," alisema.

Cyril alimgeukia, akamtazama kwa muda. "Ndiyo," alisema. "Tunayo yetu." Akageuza uso dirishani.

*

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Mara mbili daktari aliitwa, na mara ya pili kasisi naye alikuja bila kuitwa. Edna aliacha siku moja ya kazi, Bibi Lathbury akamwambia anaelewa kabisa, na wiki iliyofuata akamchukua msichana mwingine kwa siku zote tatu. "Kwa muda tu, Edna, mpaka mambo yako yatengemae." Alimpa keki ya matunda iliyobaki Krismasi. Edna aliipokea kwa mikono miwili, akala kipande kimoja, iliyobaki akawapa ndege.

Januari ncha za kijani zilitoboa udongo. Kuanzia hapo Edna alitoka kila asubuhi na shali ya sufi mabegani, akainama, akatenganisha majani kwa vidole akitafuta kitumba, hata kimoja. Alijua anachokitafuta: uvimbe mdogo ndani ya bua, unaohisika kabla haujaonekana. Februari hakuna. Machi majani yalirefuka, membamba kuliko kawaida, mengi, mabichi, yamesimama vizuri kabisa. Mtaa mzima dafodili zilifunguka, mpaka za kwenye mtaro ambazo hakuna aliyezipanda. Kwa Bibi Lathbury, nyuma ya bwawa, mia nne. Kwa Cyril Pacey, aliyeyatunza maua ya watu miaka thelathini na minane, majani.

Tarehe ishirini na moja alirudi ndani na vidole vimekufa ganzi. Cyril alikuwa macho. Sasa alikuwa mwepesi hata Edna alimgeuza peke yake.

"Kuna baridi nje?" aliuliza.

"Ipo."

"Umetafuta vizuri?"

Edna alisimama katikati ya chumba. Sauti yake ilitoka ndogo. "Niliyakata, Cyril."

"Najua."

"Mwezi wa tano. Niliyakata mimi. Bibi Lathbury alitaka kumtuma Ridgwell, nikaona bora... Niliogopa kazi. Nilikudanganya hospitali, nikakudanganya tena hapa. Unajua? Unajua tangu lini?"

"Tangu Juni. Nilipotoka nikapapasa udongo." Alisema kidogo kidogo, akipumua baada ya kila kipande. "Jani lililokufa lenyewe ukilivuta linatoka lote. Halibaki kisiki. Mimi nilikuta visiki, tuta zima. Vimekatwa na ule mkasi wa jikoni, ulio butu upande mmoja."

Edna alikaa kwenye kiti. Kwanza alihisi nafuu, kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akaanza kuhesabu, na nafuu ikaisha.

"Juni," alisema. "Ulijua Juni. Septemba watu walipanda. Ulijua hayatatoa, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Ningepanda mengine! Mavis aliniletea gunia mpaka hapo jikoni! Neno moja tu, Cyril, ningepanda siku hiyohiyo na leo ungekuwa unayaona!"

"Nilikuambia wenzio wanapanda."

"Ulinitega."

Alifumba macho. "Ndiyo. Nilikutega."

Basi lilipita nje, likasimama, likaondoka bila abiria. 

"Nilikuwa na hasira," alisema Cyril. "Si ya majani. Kwamba ulimwogopa yule mama kuliko ulivyonihurumia mimi. Kila asubuhi nikisema, leo nitamwambia. Halafu nakuona unavyopita na uso wako wa uongo, nasema, mwache aungue kidogo. Kesho nitamwambia." Akapumua. "Nilidhani nina muda wa kukasirika na muda mwingine wa kukusamehe. Hesabu ilinishinda."

Edna naye alitaka kukasirika. Haki alikuwa nayo, walau nusu. Lakini alitazama kile kifua kikipanda na kushuka chini ya blanketi, akaona kwamba hata hasira inahitaji miezi, na miezi waliimaliza wawili wao, kila mmoja upande wake wa chumba kimoja, wakiviziana kimya.

"Unataka nikugeuzie kitanda?" aliuliza. "Usiyaone?"

Alifikiri. "Hapana. Niache hapahapa."

Edna alisogeza kiti mpaka kikagusa kitanda, akaingiza mkono wake wa baridi chini ya blanketi, Cyril akaushika. Nje upepo uliyalaza majani upande mmoja, yakainuka tena. Walikaa wakiyatazama mpaka saa ya dawa.